Elfu Moja ya Nini

Usiku ule maji yalimwagika uani kwetu, Newala,
maji ya mia tano kwa ndoo,
maji tuliyoyangoja siku tisa bombani.
Yalipita chini ya mlango wa jiko,
yakabeba majivu na kandambili moja,
yakamwamsha mwenye nyumba, Bi Nandonde,
naye hakupiga kelele. Alisimama tu na tochi ya simu
akiyatazama yanavyonywewa na mchanga.
Heri angenitukana.

Programu haikuwa yangu.
Niliinakili mstari kwa mstari, hadi mabano na nukta-mkato,
kama unavyoandika jina la mgeni kwenye kadi ya harusi:
herufi zote ziko sawa, sura yake huijui.
Paliandikwa subiri, na ndani ya mabano elfu moja.
Elfu moja ya nini? Sikuuliza.
Shilingi? Hatua? Ndoo mbili?
Pampu ikazunguka, taa ya kijani ikawaka,
nikampigia Asinati simu: Imekubali!
Imekubali nini, hata yeye hakuuliza.

Kwenye mchoro palikuwa na rezista,
kidude chenye pete kama shanga za kiuno:
kahawia, nyeusi, chungwa.
Dukani kwa Mkanjima haikuwepo. Nikaiacha.
Nani amewahi kufa kwa kukosa shanga?

Asinati ana miradi arobaini, yote inawaka.
Wala simcheki.
Mimi mwenyewe juzuu ya amma niliimeza nzima nina miaka sita,
maana ikanifuata baadaye, polepole,
kama mbuzi anayeijua njia ya nyumbani.
Na korosho nilijifunza kubangua kwa kuitazama mikono ya mama:
akigeuza, nageuza; akigonga, nagonga.
Ila mafuta yaliporuka
kidonda changu hakikuwa nakala.

Basi nikafuta yote.
Nikabaki na pini moja na swali moja:
unasikia nini?

Hapakuungwa kitu. Nilitarajia sifuri.
Ikajibu sifuri, moja, moja, sifuri, moja.
Nikasogeza kiganja bila kuigusa:
moja moja moja moja.
Jirani akawasha mashine ya kusaga,
ikaweweseka kama mtu mwenye homa.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.
Kumbe pini isiyofungwa popote
haisemi hapana. Husema chochote.
Hubeba umbea wa hewa nzima.
Na usiku ule boya lilipopanda, swichi ikaachia,
pini ikabaki inaning'inia gizani,
ikalisikia friji la Bi Nandonde likinguruma ukutani
ikaiambia pampu: bado, bado, bado.

Lile lile friji.
Sijamwambia.

Rezista nilimwagiza kondakta wa basi la Mtwara.
Yenyewe mia mbili, soda yake elfu moja
(hiyo elfu nilijua ni ya nini).
Nikaifunga kati ya pini na ardhi,
nikasogeza kiganja: sifuri.
Nikangoja mashine ya jirani: sifuri.
Sijawahi kupenda namba kiasi hicho.

Sasa nina mistari saba.
Mibaya, imepinda, haina hata jina zuri,
na wa tano bado unanisumbua.
Ule wa kusubiri niliupimia mapigo ya moyo wangu, kidole shingoni:
elfu moja ni sekunde, sekunde moja tu,
muda wa kusema hodi
kabla hujajibiwa.

Jana Bi Nandonde alipita, akainama juu ya nyaya zangu.
"Hicho chako kimekubali?"
Nikamwambia bado,
ila safari hii najua kinakataa nini.
Akaguna.
Usiku nikamsikia akipandisha kandambili zake,
moja, kisha ya pili,
juu ya kabati.